UZI: Masharti ya biashara ya Umoja wa Ulaya: ni maadili, ni ujanja, ama ni ukoloni mambo leo?

1/ Kila mdahalo wa siasa ukifika kwa mambo ya nje, mnajua kitakachofuata. Mmoja anasema, "Wazungu wanatuwekea masharti, huu ni ukoloni mambo leo." Mwingine anajibu, "Masharti ni ya kutusaidia, tukiyafuata tutauza." Watu wanapiga makofi, matangazo yanaingia, na hakuna aliyetuambia masharti yenyewe ni yapi, na yanaonekanaje kwa wanaoyapokea. Leo tuyaangalie pole pole. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/ Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, si msemaji wa mtu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Lakini pia sitajifanya haya mambo hayanihusu. Nimekulia Kirinyaga. Nyumbani kuna kahawa ya shosho, na mjomba alikuwa analima mishiri ya kuuza nje. Masharti ya Ulaya niliyaona shambani kabla sijayasoma darasani.

3/ 2013 nilikuwa bado shule ya msingi. Jioni moja gari la kuchukua mishiri halikuja. Kesho yake mtu wa kampuni akapiga simu: mzigo uliotangulia umekataliwa, dawa imezidi. Kreti zikakaa kibandani siku mbili, siku ya tatu tukawapa ng'ombe. Mjomba hakulipwa hata shilingi. Hakuna aliyemwambia ni dawa gani, na ile aliyokuwa akitumia ilikuwa inauzwa wazi kwenye agroveti ya pale mjini.

4/ Nilikuja kuelewa baadaye. Mwaka huo Ulaya ilikuwa imeongeza ukaguzi wa maharagwe mabichi na minji kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu. Sheria yao inasema hivi: kama dawa haijawekewa kiwango maalum kwa zao fulani, mabaki yasizidi miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni kama gramu moja ndani ya tani 100 za mboga. Jaribu kumweleza hiyo hesabu mtu aliye na bomba la dawa mgongoni na hana maabara.

5/ Pale nyumbani kukawa na maoni mawili. Mjomba: "Hawa wanatafuta tu sababu ya kukataa mali yetu." Mnunuzi: "Soko ni soko, mwenye pesa ndiye anachagua." Hayo maoni mawili ndiyo mjadala mzima wa wasomi, ila wao wanautolea vyeti.

6/ Nadharia kidogo, halafu turudi shambani. Mwaka 2002 msomi Ian Manners aliandika kwamba Umoja wa Ulaya ni nguvu ya kimaadili: uwezo wake mkubwa si jeshi wala pesa, ni kuamua dunia ihesabu nini kuwa jambo la kawaida. Mwaka 2012 Anu Bradford akaita jambo linalokaribiana na hilo "Brussels Effect": soko la watu kama milioni 450 halihitaji kulazimisha mtu. Likiweka kanuni, wauzaji wa dunia nzima wanajipanga wenyewe.

7/ Shida ni kwamba zote mbili zimeandikwa kutoka upande wa anayetoa kanuni. Ukiwa Brussels, unaona unasambaza haki za binadamu, mazingira safi na kazi yenye heshima. Ukiwa Kerugoya, unaona kreti zimerudi. Ndiyo maana swali la maana si "Ulaya inaamini nini?" tu. Ni "mshirika wake anaona nini, na kwa nini?"

8/ Historia yenyewe inaanzia hapa kwetu. Mkataba wa Lomé wa 1975, kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, haukuwa na kifungu cha haki za binadamu. Watu walipokuwa wakiuawa Uganda chini ya utawala wa kijeshi, Ulaya ikagundua mkataba hauipi njia ya kusimamisha msaada. Juni 1977 ikatoa kile kilichoitwa Mwongozo wa Uganda: pesa za Lomé zisitumike kuendeleza ukandamizaji.

9/ Kutoka hapo kamba ikaendelea kukazwa. Lomé ya nne, 1989, ikataja haki za binadamu waziwazi. Tangu 1995 Ulaya inaweka kifungu cha haki kama kawaida kwenye mikataba yake. Mkataba wa Cotonou, 2000, ukaleta kifungu cha 96: nchi ikikiuka, kuna mashauriano, na yakishindikana, hatua. Burundi ilichukuliwa hatua hiyo Machi 2016, msaada wa moja kwa moja kwa serikali ukasimamishwa, na hatua hiyo ikaondolewa Februari 2022.

10/ Kwa hivyo mtu akikwambia masharti ni kitu kipya cha kuikomoa Afrika, mwambie asome tena. Mengine yalizaliwa kwa sababu Waafrika walikuwa wanauawa na serikali zao na mikataba ya biashara ilikuwa kimya. Lakini pia mtu akikwambia masharti ni upendo mtupu, mwambie asubiri kidogo. Twende 2014.

11/ Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inajadiliana na Ulaya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi, ule unaoitwa EPA. Tarehe 1 Oktoba 2014 muda uliowekwa ukapita bila makubaliano. Nani aliumia? Kenya peke yake. Maua na mboga zetu zikaanza kutozwa ushuru Ulaya hadi mwisho wa Desemba. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa.

12/ Kwa nini? Kwa sababu hizo nne ziko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu 2001 Ulaya inazipa nchi hizo mpango wa "Kila Kitu Isipokuwa Silaha": uza chochote bila ushuru, ila bunduki. Kenya haimo kwenye orodha hiyo. Majirani hawakuwa na cha kupoteza. Sisi tulikuwa na Naivasha nzima.

13/ Shika hiyo, maana inaeleza mambo mengi. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini. Bunge la Tanzania likakataa mwaka huohuo, likihofia viwanda vya ndani na mapato ya ushuru. Burundi ilikuwa chini ya hatua za kifungu cha 96, ikauliza ni vipi itie saini na mtu aliyeiadhibu. Mkataba mmoja, nchi za jumuiya moja, macho tofauti kabisa. Haikuwa suala la nani anapenda Wazungu. Kila mmoja aliangalia ana nini mezani.

14/ Mwishowe Kenya ikaenda peke yake. Mkataba wa Kenya na Ulaya ulitiwa saini Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na ukaanza kutumika 1 Julai 2024. Ndani yake kuna sura nzima ya maendeleo endelevu: haki za wafanyakazi, usawa wa kijinsia, mazingira, mabadiliko ya tabianchi. Ni ahadi za kisheria, si maneno ya hotuba. Wenzetu wakaona tumevunja umoja. Sisi tukaona tumeokoa soko. Wote wana hoja.

15/ Sasa, washirika wa Ulaya huyaonaje masharti haya? Ukisoma malalamiko ya nchi mbalimbali utakuta macho ya aina tatu. La kwanza: "Ni maadili, lakini hayatumiki sawa kwa wote." La pili: "Ni ulinzi wa wakulima na viwanda vyao uliovishwa koti la maadili." La tatu: "Ni ngao yetu dhidi ya wakubwa wetu wenyewe." Hili la tatu huwa halisikiki kwenye mdahalo. Tuyapitie.

16/ Jicho la kwanza: kutotumika sawa. Kambodia ilikuwa inauza bila ushuru kwenye mpango wa "Kila Kitu Isipokuwa Silaha". Mwaka 2017 mahakama ya huko ikavunja chama kikuu cha upinzani. Ulaya ikachunguza, na tarehe 12 Agosti 2020 ikaondoa sehemu ya nafuu hiyo, karibu thamani ya moja ya tano ya mauzo ya Kambodia kwenda Ulaya. Nguo na viatu kadhaa vikaanza kulipa ushuru.

17/ Sasa angalia kalenda. Tarehe 1 Agosti 2020, siku 11 tu kabla, mkataba wa biashara huria kati ya Ulaya na Vietnam ulikuwa umeanza kutumika. Vietnam ni nchi ya chama kimoja kwa katiba, na inapakana na Kambodia. Ukiwa umekaa Phnom Penh mwezi huo, utaelewa nini? Kwamba kosa si kukosa upinzani. Kosa ni kuwa soko dogo.

18/ Tuwe wa haki. Ulaya ina jibu: Kambodia ilikuwa inarudi nyuma kutoka ahadi ilizokuwa nazo, na Vietnam ilikubali mabadiliko ili ipate mkataba. Kwa mfano, mwaka 2019 iliridhia mkataba wa 98 wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa haki ya wafanyakazi kujipanga na kujadiliana na mwajiri. Si jibu la bure. Lakini mshirika hahukumu kwa maelezo ya ndani, anahukumu kwa kile anachokiona. Na walioguswa kwanza Kambodia hawakuwa wakubwa wa siasa. Ni sekta ya nguo, ambayo wafanyakazi wake wengi ni wanawake.

19/ Jicho la pili: koti la maadili. Indonesia na Malaysia zinauza mafuta ya mawese. Ulaya ikaweka kanuni za kuyaondoa kwenye mafuta ya magari kwa sababu ya ukataji wa misitu. Zote mbili zikaishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani. Uamuzi wa kesi ya Malaysia ulitoka Machi 2024, wa Indonesia Januari 2025. Zote zikatoka na sura mbili: lengo la kulinda mazingira halikukataliwa, lakini namna Ulaya ilivyoandaa na kutekeleza kanuni ilikutwa na kasoro.

20/ Hilo nalipenda kwa sababu linatutoa kwa kelele. Kanuni inaweza kuwa na lengo zuri NA ikatekelezwa kwa upendeleo, vyote kwa wakati mmoja. Kwenye mdahalo huwa tunalazimishwa tuchague moja.

21/ Turudi nyumbani sasa, kwa kahawa. Kuna sheria ya Ulaya ya 2023 kuhusu misitu. Inagusa vitu saba: kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, mbao na ng'ombe. Mali isitoke kwenye shamba ambalo msitu wake ulikatwa baada ya 31 Desemba 2020. Na lazima ionyeshe imetoka shamba gani hasa. Shamba la chini ya hekta nne linatosha nukta moja ya GPS. Kubwa zaidi lazima mpaka wote uchorwe.

22/ Vijana wakaja kijijini na simu kupiga nukta za mashamba. Shosho akakaa mlangoni akauliza, "Wanapima shamba la nini?" Nikamweleza ni mambo ya misitu, ili kahawa ikubalike Ulaya. Akanyamaza, halafu akasema, "Mara ya mwisho walipopima, tuliambiwa pia ni kwa faida yetu." Kisha akaingia ndani kuniwekea chai, mjadala umeisha.

23/ Ilibidi niende kusoma ndiyo nielewe alichosema. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wengi kulima kahawa, iwe ya walowezi. Ilipokuja kuwaruhusu Mlima Kenya kwa wingi, miaka ya 1950, ilikuja pamoja na kupimwa na kuunganishwa kwa mashamba wakati wa hali ya hatari, watu wamewekwa vijijini kwa nguvu na wengine wako kizuizini. Wengine walirudi wakakuta mipaka imehama. Ofisi ya Brussels iliyoandika sharti la nukta ya GPS haikuwa inawaza 1954. Lakini nukta hiyo ilitua juu ya kumbukumbu hiyo.

24/ Ndiyo maana nasema kanuni haifiki mahali patupu. Inafika kwa watu walio na historia na huyo anayeileta. Dhana ileile ikija na mgeni tofauti ingepokelewa tofauti. Kuita hiyo hofu "ujinga wa wakulima" ni kutosoma historia yako mwenyewe.

25/ Kwa rekodi: Mei 2025 Ulaya ilipoziweka nchi kwenye makundi ya hatari, Kenya iliwekwa kwenye hatari ndogo. Hiyo ni habari njema, ukaguzi unapungua. Lakini nukta za mashamba bado zinatakiwa. Halafu sheria yenyewe imeahirishwa zaidi ya mara moja, kwa sehemu kwa sababu kampuni na serikali za Ulaya zenyewe zilisema haziko tayari. Fikiria ushirika uliotoa pesa za wakulima kujiandaa mapema. Aliyechelewa ameonekana mjanja kuliko aliyetii.

26/ Jicho la tatu sasa. Nina rafiki ambaye mamake alifanya kazi kwenye shamba la maua. Yeye hakubali kabisa neno "ukoloni mambo leo" kwa haya mambo. Anasema glavu, likizo ya uzazi, na kamati ya kusikiliza malalamiko ya kunyanyaswa vilikuja wakati wanunuzi wa Ulaya walipoanza kudai cheti. Sheria za Kenya zilikuwepo muda wote, lakini mwenye shamba alimwogopa mnunuzi kuliko mkaguzi wa kazi. Kwa mfanyakazi huyo, sharti la nje lilikuwa fimbo ya kumkumbusha bosi sheria ya ndani.

27/ Na turudi kwa mishiri. Mzigo ukikataliwa Ulaya kwa sababu ya dawa, swali letu la kwanza huwa "nani atatulipa?" Ni swali halali, mjomba hajalipwa hadi leo. Lakini la pili hatuulizi: sukuma na nyanya tunazokula sisi nani anazipima? Mboga ya kwenda nje inapimwa kuliko ya soko la kwetu. Ng'ombe wetu walikula ile mishiri wiki nzima, na maziwa tukanywa. Hakuna aliyeandamana.

28/ Hapo pia Ulaya isijifiche. Kuna dawa ambazo haziruhusiwi kutumika kwenye mashamba ya Ulaya, lakini kampuni za Ulaya zimeendelea kuzitengeneza na kuziuza nje, Afrika ikiwemo. Kwa hivyo mkulima anauziwa dawa kutoka huko, halafu mboga inakataliwa na hukohuko kwa sababu ya dawa. Mtu akiona hivyo aanze kuamini ni maadili? Ukitaka kujua kwa nini ujumbe wa Ulaya haushiki, anzia hapo.

29/ "Basi twende China, hawana masharti." Wanayo. Parachichi yetu mwaka 2019 ilikubaliwa China kwa sharti iwe imegandishwa, na mbichi haikuingia hadi 2022, baada ya ukaguzi wa wadudu. Marekani nayo iliiondoa Uganda kwenye mpango wake wa AGOA kuanzia Januari 2024, kwa sababu za haki za binadamu. Kila mnunuzi mkubwa ana mlango na bawabu wake. Tofauti ni bawabu anauliza nini: wadudu peke yake, ama wadudu na namna unavyoishi na watu wako.

30/ Msimamo wangu, na unaweza kuupinga: "ukoloni mambo leo" na "ni kwa faida yetu" yote ni majibu ya uvivu. Ukisikia kiongozi yeyote anatumia moja, muulize maswali manne. Sharti hili linalinda nani hasa? Je, lilitumika vivyo hivyo kwa nchi kubwa? Gharama ya kulifuata inalipwa na nani, kampuni ama mkulima? Na kama ni zuri kwa mlaji wa Ulaya, kwa nini si sheria inayotekelezwa kwa mlaji wa Kenya?

31/ Hilo la mwisho huwa linanyamazisha ukumbi. Maana mara nyingi anayelalamika kwamba tunaamrishwa na wageni ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuweka kanuni zetu wenyewe na hakuweka. Na anayesifu masharti ya wageni ndiye hataki kulipia maabara ya kaunti. Ukiwa na kanuni zako na maabara yako, unakaa mezani kama mshirika. Ukiwa huna, unangoja simu ya kukwambia gari halitakuja.

32/ Mjomba aliacha mishiri. Siku hizi analima nyanya za soko la hapa. Nilimuuliza kama anatumia dawa kidogo kuliko zamani. Akacheka: "Kwani hapa nani ataniuliza?" Hilo jibu, si la Brussels, ndilo lingefaa kuwa kwenye mdahalo ujao. Kama uzi umekusaidia, mtumie yule jamaa wa grupu ya familia anayejua kila kitu. Maswali nitajibu jioni, sasa naenda lekcha.